Yuda wa Dothani na Yuda wa Misri

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata: ndugu za Yusufu walitubu kweli, au njaa na hofu ya mtawala wa Misri (hawakujua kwamba ndiye Yusufu yule waliyemuuza) ndizo zilizowapigisha magoti? Tena unauliza mbona Yusufu aliwazungusha vile badala ya kujitambulisha siku ya kwanza.

Hofu ipo, sikukatalii. Katika Mwanzo 42 wanawekwa kifungoni siku tatu, ndipo wanaambiana kwamba walimkosea ndugu yao: waliona dhiki yake alipowasihi, wasimsikilize. Hebu rudi sura ya 37 wanapomuuza. Hakuna neno hata moja kwamba Yusufu alisihi. Kilio hicho kinatajwa na wao wenyewe, miaka zaidi ya 20 baadaye. Walikuwa nacho masikioni muda wote huo! Lakini hapo dhamiri inawauma tu, toba bado.

Toba naiona kwa Yuda, mmoja wa ndugu hao. Reubeni, kaka yao mkubwa, alitaka kumwokoa kijana. Yuda ndiye aliyeleta hoja ya biashara: kumuua kutatufaa nini, tumuuze kwa Waishmaeli. Wakapata vipande 20 vya fedha. Baadaye, sura ya 38, yeye mwenyewe anafiwa na wana wawili, na anakiri mbele ya watu kwamba Tamari mkwewe ana haki kuliko yeye.

Sasa soma sura ya 44. Yusufu amewarudisha palepale Dothani, walikomuuza: Benyamini mdogo wake, mtoto wa Raheli kama yeye, kipenzi cha baba, amekutwa na kikombe cha fedha guniani, na wengine wanaambiwa waende zao kwa amani. Kabla ya hapo, mezani, Benyamini alipakuliwa chakula mara 5 kuliko wao. Nadhani makusudi, wivu upate nafasi. Safari hii wasingehitaji hata kuchovya kanzu katika damu ya mbuzi ili kumdanganya baba, kama walivyofanya kwa Yusufu. Kisingizio kilikuwa tayari: mtoto ameiba.

Yuda akasogea, akaomba abaki yeye kuwa mtumwa, kijana arudi kwa baba yake.

Na humo ndani anarudia maneno ya mzee Yakobo, baba yao: mke wangu alinizalia wana wawili. Wawili! Yuda ni mwana wa Lea, mke mwingine wa Yakobo. Katika hesabu hiyo yeye na mama yake hawamo. Yakobo hajaacha ule upendeleo uliowafanya wamchukie Yusufu. Ila sasa Yuda anautaja bila kinyongo, ili mdogo wake aachiwe.

Ndiyo maana ya kuzungushwa. Yusufu angejitambulisha mapema wangeomba radhi papo hapo. Nani asingeomba mbele ya mwenye funguo za ghala? Ingawa mimi, kama mzazi, namhurumia mzee Yakobo aliyeachwa nyumbani akingoja.

Hao wengine siwaapii. Katika Mwanzo 50, baba akishazikwa, wanamtumia Yusufu ujumbe kwamba marehemu aliagiza wasamehewe. Agizo hilo halionekani kwingine. Naona kama walilitunga. Miaka 17 wamelishwa naye Misri, na bado hawaamini kwamba yalikwisha. Yusufu aliposikia, alilia.

Soma maneno ya Yuda kwa sauti, 44 kuanzia mstari wa 18 hadi mwisho, kisha nipigie uniambie kama bado unaona ni hofu tu.

Mama yako