Steringi kafa kipindi cha tano: nilichojifunza Dragon Ball, kwa nyie mnaoanza kuandika simulizi

Wadogo zangu mnaoanza kuandika simulizi za ngumi, zile za sehemu ya 1 mpaka sehemu ya 200 za kushusha kwenye magrupu ya WhatsApp, hebu kaeni kidogo niwape yaliyonikuta.

Nilikuwa na simulizi ya jamaa anaitwa Kassimu, kijana wa karate, anawatafuta waliomuua mwalimu wake. Ilianza vizuri, watu wanalipia buku kwa wiki, wengine hawalali mpaka sehemu mpya ishuke. Tukafika sehemu ya 71, Kassimu anakutana na adui wa saba, huyu balaa kuliko wote sita waliopita, anavunja tofali kwa kidole, nikamwandika kwa mbwembwe zote nikajua leo grupu litawaka moto. Kimya. Kesho yake mama mmoja wa Tanga, msomaji wangu wa siku nyingi, akanitumia voisi: "Mwanangu, na huyu si atapigwa tu kama wale wenziwe? Sasa mie nasubiri nini?" Hakutukana wala nini, aliuliza tu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, na mi sikuwa na jibu.

Basi nikarudi kwenye Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani, maana ndio iliyonipendesha stori za ngumi toka mdogo, nikataka kujua kwa nini ile niliangalia mamia ya vipindi bila kuuliza swali la yule mama. Nikaanza upya na ile ya utoto wa Goku, steringi mwenyewe, ya 1986 yenye vipindi 153, nikaingia mwendelezo wake, Dragon Ball Z, yenye 291. Kumbe swali nilikuwa nauliza bwana, ila sio kila mahali. Kuna sehemu nilikaa mdomo wazi chai ikapoa na kuna sehemu nilikuwa napeleka mbele kwa rimoti, sasa hapo ndio pa kusomea.

Kwanza mjue kwamba Akira Toriyama, mtunzi wake, alikuwa kwenye hali kama yenu. Manga yake, yaani hadithi ya kuchorwa kwenye karatasi, ilitoka kila wiki kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, kuanzia 1984 mpaka 1995, sura 519, na mwenyewe alishasema alikuwa anatunga huku anakwenda. Kwa hiyo msimsome kama mtu aliyekuwa na ramani mezani, msomeni kama mtu aliyekuwa anakimbizwa na wiki.

Haya. Sisi wa kibanda umiza tunajua sheria moja, steringi hafi. Risasi mia zitapigwa, zote zitampita. Sasa Z inaanza, Goku ni mtu mzima, ana mke, ana mtoto wa miaka minne anaitwa Gohan, anashuka jamaa kutoka angani, Raditz, anasema mimi ni kaka yako, anamchukua mtoto anaondoka naye. Goku peke yake hamuwezi. Inabidi aungane na Piccolo, ambaye ni adui yake haswa, na hata wakiwa wawili bado hawamuwezi. Mwisho Goku anamkaba kaka yake kwa nyuma anamwambia Piccolo piga, na ule mwale unawatoboa wote wawili. Kipindi cha tano tu hicho! Steringi kafa. Alafu Raditz naye kabla hajakata roho anatoa habari kwamba wenzake wawili wenye nguvu kumzidi wanakuja, watafika baada ya mwaka, na Piccolo anambeba mtoto wa marehemu akamfundishe mwenyewe porini, na wale washikaji wengine wamebaki wanatazamana, nani ataenda kumwambia mke wake.

Piga hesabu hapo. Wameshinda, lakini ushindi wenyewe umeacha madeni kila kona, mtoto yuko kwa adui wa baba yake na saa imeshaanza kuhesabu. Nani tena atauliza anasubiri nini? Kassimu wangu alikuwa akishinda anafuta jasho anaenda kula chips mayai. Niliongeza nguvu za maadui mara saba na sikuongeza deni hata moja.

Na hilo la kuongeza nguvu, Toriyama mwenyewe lilimshinda, msione aibu. Mnakumbuka ile mashine ya kuvaa jicho moja, skauta? Mwanzoni ni utamu mtupu. Raditz akishuka anampima mkulima mwenye bunduki, inasoma 5. Goku akivua yale mavazi mazito inasoma 416. Namba inakupa picha haraka bila maneno mengi, alafu kuna ujanja humo ndani, hawa watu wa Dunia wanajua kuificha nguvu yao na kuikusanya sehemu moja kwa ghafla, kwa hiyo anayeiamini mashine anaumbuka. Yaani namba imewekwa ili ije idanganye, hapo sawa kabisa. Ila kwenye sayari ya Namek anatokea Frieza, adui mkubwa kuliko wote mpaka hapo, anasema kwa upole, kama mtu anayejitambulisha msibani, nguvu zangu ni 530,000, na hilo ni umbo lake la kwanza, la pili linapita milioni. Toka 416! Ukishafika huko Yamcha na Tien, watu tuliokua nao, wanageuka watazamaji, wanasimama pembeni kushangaa na kusema lo, sikuiona hata ngumi yenyewe. Mi mikanda ya karate ya Kassimu ilipanda hivyohivyo mpaka nikaishiwa rangi, nikaanza kubuni.

Krillin, rafiki wa Goku toka utotoni, ndiye alisalimika, na sababu yake inafaa kuandikwa kwenye daftari. Nguvu zilishampita zamani lakini anaogopa, na anavyoogopa ni kwa niaba yetu. Anatetemeka, anafanya mzaha mbovu, alafu anaenda hivyohivyo. Ukiwa na mtu mmoja wa hivyo kwenye simulizi, hata adui wako akiwa na nguvu za bilioni msomaji bado ana mahali pa kukaa.

Sasa kufufua. Hapa nimeumia mwenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo. Dragoni wa Dunia, anayeitwa kwa kukusanya mipira saba ya ajabu, anaweza kumrudisha aliyekufa, lakini mtu hamfufui mara mbili. Sheria ndogo tu, na angalieni ilivyofanya kazi: Krillin alishauawa utotoni akafufuliwa, kwa hiyo Frieza anapomwinua juu kule Namek na kumlipua, Goku anaamini huyu ndio kaenda moja kwa moja. Ile hasira iliyomfanya nywele zisimame njano imejengwa juu ya hiyo sheria (na ule unjano Toriyama alishaeleza, ulipunguza kazi ya kupaka wino mweusi kwenye nywele za Goku kila wiki, uvivu nao una baraka zake). Baadaye ndio inakuja kujulikana kwamba kule Namek kuna mipira mingine yenye masharti yake mengine, Krillin anarudi, na kuanzia hapo kifo kinaanza kufanana na safari ya kikazi. Vegeta, mmoja wa wale wenzake Raditz aliyekuja kuhamia upande wa Goku, kwenye vita na Buu, adui wa mwisho wa Z, anamkumbatia mwanae kwa mara ya kwanza maishani, alafu anajilipua. Sehemu nzuri kuliko karibu zote kwenye Z nzima. Na bado anarudi.

Mi nilimuua Bakari, rafiki wa Kassimu, sehemu ya 40. Grupu lililia, kuna dada aliniambia amezima simu siku nzima. Nikaona wanalia nikafurahi, alafu nikaogopa watahama, sehemu ya 52 nikamrudisha kwa mganga wa Sumbawanga. Niliyemuua sehemu ya 66 hakuliliwa na mtu, waliandika tu "atarudi huyo" wakaweka emoji za kucheka. Wasomaji hawasahau, ukishawapa kifo feki kimoja umeshauza na vile vya kweli vyote vijavyo.

Kuvuta stori nako. Frieza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano, na hizo dakika tano zinaliwa na karibu vipindi kumi vya tv. Sababu inajulikana, anime, yaani katuni ya tv, ilikuwa inaifikia manga, sura moja ya wiki ina kurasa chache na kipindi kina dakika ishirini na kitu, kwa hiyo Toei, studio iliyoitengeneza, walikuwa wanajaza, watu wanatazamana, upepo, jiwe linaanguka, tunarudi kutazamana. Walipoitengeneza upya 2009 kwa jina la Kai, safari yote mpaka mwisho wa vita na Cell, adui aliyekuja baada ya Frieza, iliyokuwa na vipindi 194 ikaingia kwenye vipindi visivyofika 100 na stori ilikaa vilevile. Nusu nzima ilikuwa upepo! Nyie mnavuta kwa sababu nyingine, mnataka wiki ya pili watu walipie tena, nawajua, na mi nilifanya, ngumi ilirushwa Jumatano ikafika shavuni Jumamosi.

Ila sio kila cha kujazia ni kibaya. Kuna kipindi kimoja hakipo kabisa kwenye manga, Goku na Piccolo wanaenda kujifunza udereva. Viumbe wanaoruka angani kwa nguvu zao wenyewe wamekaa kwenye gari na mwalimu anawagombeza. Hakuna anayepigwa, dunia haiko hatarini, na watu wanakikumbuka mpaka leo, kwa sababu unawaona hawa watu wakiwa hawajui kitu. Wakati ile saga ya Garlic Junior iliyoingizwa kipindi hichohicho, yenye mapigano chungu nzima, waulize washikaji nani anaikumbuka.

Ningetaka muangalie kwa makini kuliko vyote jinsi alivyomtumia Mr. Satan. Huyu ni bingwa wa mashindano ya ngumi na mateke, binadamu wa kawaida kabisa, muongo, mwenye sharubu na majigambo. Kwa Cell anapigwa kibao kimoja anaruka mpaka nje ya ulingo, alafu Gohan akishamuua Cell yeye anajitangaza ndiye muuaji, dunia nzima inaamini. Unacheka, unapita. Miaka saba baadaye kwenye stori, Buu anakaribia kumaliza kila kitu, Goku anahitaji watu wa Dunia wainue mikono wampe nguvu. Vegeta anawaomba, hawataki, wanasema sauti gani hii ya kihuni. Goku anaomba, wapi. Anaingia Mr. Satan, anafoka kwa hasira za kweli, watu wanaitambua ile sauti, mikono inapanda dunia nzima wakiimba jina lake. Uongo wa mtu dhaifu kuliko wote ndio unaokoa ulimwengu, na yule ambaye nguvu zake si kitu mbele ya wale wengine ndiye aliyetoa kilichokosekana. Sidhani kama Toriyama alipanga toka siku ya Cell. Nadhani alibanwa, akarudi nyuma kwenye vitu vyake akatafuta kipi hakijatumika vizuri. Hicho mnaweza kukifanya leo usiku, fungueni sehemu zenu za mwanzo, someni, kuna mtu mlimuweka kwa ajili ya kuchekesha tu.

Wanawake aliwaangusha, hilo nalisema haraka kwa sababu halina utetezi. Videl, binti wa Mr. Satan, anajifunza kuruka, ana hasira zake, ana kiburi chake, unasema sasa tumepata mtu, anapigwa vibaya kwenye mashindano alafu basi, anabaki kushangilia. Na Launch, yule dada aliyekuwa akipiga chafya anageuka mtu mwingine mwenye bunduki, alipotea kabisa, na Toriyama alipoulizwa alikiri alimsahau.

Kwa hiyo muwe na daftari la wahusika, jina, yuko wapi, ameachwa anafanya nini. Mi nililinunua nikiwa nimeshachelewa. Sehemu ya 12 nilimpandisha basi dada yake Kassimu, Zuhura, anashuka stendi ya Msamvu anunue maji. Sehemu ya 90 yule mama wa Tanga akatuma voisi nyingine, anacheka, "Mwanangu, hayo maji ya Zuhura anayachota wapi?" Nimeandika mpaka 112 na bado sijajua nimtoeje pale stendi.