Faili Iliyofutwa Kwenye Flashi: Je, Bado Ipo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Juzi nilifuta kwa bahati mbaya folda ya mihtasari ya vikao iliyokuwa kwenye flashi, na nilipofungua pipa la taka la kompyuta sikuikuta. Fundi ameniambia kuwa faili ikishafutwa imekwisha. Je, ni kweli?
Katibu, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, si kweli. Ila tunakusihi uichomoe flashi hiyo sasa hivi, wala usihifadhi chochote ndani yake. Pipani hukuikuta kwa sababu Windows kwa kawaida haipeleki huko faili zinazofutwa kwenye flashi.

Flashi nyingi za GB 32 au pungufu hutumia mfumo wa FAT32, wenye orodha ya majina ya faili pamoja na jedwali linaloonyesha kila faili imekaa katika sehemu zipi za hifadhi. Unapofuta, kompyuta huweka alama mwanzoni mwa jina katika orodha, kisha huandika kwenye jedwali kwamba sehemu zile ziko wazi. Maandishi yenyewe hayaguswi mpaka faili nyingine ipewe nafasi hiyohiyo. Kwa hiyo adui yako mkubwa ni kuendelea kuitumia flashi, hata kwa kunakili wimbo mmoja tu.

Jaribu programu ya PhotoRec, ambayo hutolewa bure. Haitegemei majina, bali hupekua hifadhi yote ikitafuta alama zinazoanzisha kila aina ya faili, kama vile PDF, ambayo huanza kwa %PDF. Mihtasari yako huenda ikarudi bila majina yake, na faili iliyokuwa imehifadhiwa kwa vipande vilivyotawanyika inaweza kurudi ikiwa pungufu au isifunguke kabisa.

Fundi wako angekaribia ukweli kama folda ingekuwa kwenye diski ya SSD ya kompyuta, yaani ile ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Tangu Windows 7, mfumo huiarifu SSD kupitia amri ya TRIM kuwa sehemu fulani hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe, mara nyingi muda mfupi tu baada ya kufuta.

Faili zitakazopatikana zihifadhi kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye flashi ileile, na uzifungue moja baada ya nyingine kabla ya kuitumia tena flashi hiyo. Waulize pia wajumbe waliowahi kutumiwa nakala kwa barua pepe.