Ramani haikai juu ya miraba, na vyumba vya mbele nivificheje?

SWALI: Jumamosi ijayo nitaendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi, kwa mara ya kwanza. Wachezaji ni wanne, kila mtu na kompyuta yake. Nimepakua ramani 14. Nikiiweka ya kwanza kwenye Roll20, programu ya kuchezea michezo hii mtandaoni, miraba iliyochorwa kwenye picha haikai juu ya miraba ya programu: kushoto inalingana, ukifika kulia imepishana kabisa. Tatizo ni picha au ni mimi? Na vyumba ambavyo wachezaji hawajafika nivificheje?

JIBU: Si wewe wala si picha, ni hesabu. Roll20 huanza na mraba wa pikseli 70 kwa 70, na mchoraji wako ana kipimo chake. Tuseme ramani ina miraba 30 kwa upana, na picha ina pikseli 2,048. Gawanya, utaona kila mraba umepata pikseli 68 na ushei. Upungufu huo hauonekani kwenye mraba wa kwanza, wala wa pili. Ila unajilimbikiza, na ukifika mraba wa 30 umeshapungukiwa na pikseli 52, karibu robo tatu ya mraba mzima. Ndiyo maana kushoto kunapendeza na kulia ni vurugu.

Usianze kuvuta pembe za picha kwa kipanya huku ukikisia; utakesha. Hesabu miraba ya kwenye picha, upana na urefu, kisha iambie programu idadi hiyo. Ukurasa upe miraba 30 kwa 20 (au vyovyote ulivyohesabu), halafu bofya picha kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sehemu ya vipimo, uipe idadi ileile. Itajinyoosha yenyewe. Kama picha ina ukingo mtupu pembeni, ukate kwanza, la sivyo ukingo utahesabiwa kuwa ramani na utarudi ulikotoka. Kisha weka kete moja (picha ndogo inayosimama badala ya mhusika, siyo dadu) kona ya juu kushoto na nyingine kona ya chini kulia. Zote mbili zikitulia katikati ya mraba, umemaliza, na sasa zima mistari ya programu ubaki na ile ya mchoraji. Anayetumia Foundry, programu nyingine ya aina hiyo, ataanzia pikseli 100 kwa mraba, lakini hesabu haibadiliki.

Usidhani ni urembo tu. Mraba mmoja ni futi 5, yaani kama mita moja na nusu, na mhusika mwenye mwendo wa futi 30 anavuka miraba sita. Kete ikikaa juu ya mstari, mtaanza kubishana kama moto wa joka umemfikia au haukumfikia, na ubishi huo hula dakika kumi za mchezo bila mtu kurusha dadu hata mara moja.

Jambo jingine linalowapata wageni karibu wote: programu hupanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine, na picha ya ramani iweke kwenye tabaka la ramani. Ukiiacha kwenye tabaka la kete, mara ya kwanza utakapotaka kusogeza kete utajikuta unaburuta jumba zima.

Sasa kuficha vyumba. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ukungu wa mkono: ramani yote inafunikwa, na wewe unafungua chumba kimoja kimoja wanapoingia. Ya pili ni mwanga unaojiendesha, ambapo unachora kila ukuta na kila mlango, kisha programu inakokotoa kila kete inaona nini. Inavutia sana, sikatai. Lakini ukisahau mlango mmoja, mchezaji anakwama gizani nawe unatafuta kosa huku watu wanne wanakungoja. Kwa mara ya kwanza shika ukungu wa mkono. Fungua chumba baada ya kukieleza kwa maneno, siyo kabla. Wakishaona picha hawakusikilizi tena.

Na ukungu hauzibi kila kitu. Ramani nyingi hutolewa kwa nakala mbili, ya mwendesha mchezo na ya wachezaji. Mimi niliwahi kupandisha ile isiyo yao. Nilipofungua ukumbi, wote walisoma herufi nyekundu ukutani zikitangaza mlango wa siri, na mtego niliouandaa wiki nzima ukafa pale pale. Majina ya kete nayo yaangalie: zimwi lililojigeuza mzee wa kijiji lisiandikwe "Zimwi" chini ya miguu yake.

Kuhusu zile 14: chagua mbili. Ramani inahitajika pale ambapo swali la "nani yuko wapi" lina uzito, yaani kwenye mapigano na kwenye mitego. Mazungumzo na mfalme hayana haja ya miraba, picha moja ya ukumbi inatosha, au hata mdomo wako peke yake.

Ijumaa usiku ingia kwenye mchezo wako kama mchezaji (Roll20 ina kitufe cha kukurudisha kwa sura hiyo) uangalie wao wataona nini. Ramani ikichelewa kufunguka kwako, kwa mwenye kompyuta nzee itachelewa zaidi. Ibadilishe kutoka PNG kwenda JPEG au WebP, aina za faili za picha zilizo nyepesi zaidi, na kama inazidi pikseli 70 kwa kila mraba, ipunguze hadi hapo: ramani kubwa ya miraba 30 kwa 20 itabaki pikseli 2,100 kwa 1,400.