Mbwa anayeharisha wiki nenda wiki rudi: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: mbwa anaharisha, anapewa dawa, anapata nafuu, kisha tatizo linarudi. Mimi ni daktari wa mifugo, na hakuna maradhi yanayonikalisha na mwenye mbwa muda mrefu kama haya, kwa sababu nusu ya uchunguzi anao yeye nyumbani.

Mbwa wangu jike wa miaka mitatu anaharisha, huu ni mwezi wa pili. Amepewa antibayotiki mara tatu. Akiwa kwenye dozi kinyesi kinashikana, dozi ikiisha siku nne hazipiti anarudia pale pale. Kuna antibayotiki kali zaidi?

Nakuomba usiitafute hiyo kali zaidi. Ugonjwa wa tumbo ukipita wiki tatu tunauhesabu kuwa sugu, na hauendeshwi kama ule wa siku mbili wa mbwa aliyeokota kitu kibovu. Ule mara nyingi huisha wenyewe. Huu sugu una kitu kinachouchochea kila siku, na antibayotiki hukifunika tu. Metronidazoli, ambayo ndiyo hutolewa mara nyingi, hutuliza utumbo kwa siku chache, lakini pia huua bakteria wema wanaoishi humo, nao huchukua wiki nyingi kurejea. Dozi ikizidi hufika hadi kwenye ubongo: mbwa anayumba, kichwa kinapinda upande, mboni za macho zinachezacheza. Ndiyo maana madaktari wengi siku hizi hawaanzi nayo.

Anachohitaji mbwa wako ni mpangilio. Kinyesi kipimwe. Damu ipimwe: albumini (protini kuu ya damu), ini, figo, sodiamu na potasiamu. Kisha chakula kijaribiwe kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini. Jambo moja kwa wakati mmoja, tafadhali. Ukibadilisha chakula leo, kesho ukaanza dawa na keshokutwa ukaongeza unga wa bakteria wema, hata akipona hutajua kilichomponya, na siku akiugua tena utaanza sifuri.

Zipo hali chache ambapo antibayotiki ndiyo tiba yenyewe. Boxer na French Bulldog wenye umri mdogo wanaweza kupata uvimbe wa utumbo mpana unaoletwa na bakteria wa E. koli waliojichimbia ndani ya ukuta wa utumbo. Hao hutibiwa kwa wiki kadhaa, lakini baada ya kipande cha utumbo kupimwa na kujulikana dawa ipi inawaua bakteria hao, si kwa kubahatisha.

Daktari kila mara ananiuliza kinyesi kikoje, nami nabaki kusema "laini". Nimwambie nini?

Swali zuri kuliko unavyodhani. Mama mmoja aliwahi kuniletea daftari la shule lenye mistari kama hii: "Jumatatu alfajiri, mara moja, kama uji. Usiku, mara nne, kila mara kiasi cha kijiko, ute kama ute wa yai, uzi wa damu nyekundu. Amemaliza lakini bado amechuchumaa." Kabla sijamgusa mbwa wake nilijua nianzie utumbo mpana. Mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, ute, damu mbichi, kukakamuka: hizo zote ni alama zake.

Utumbo mwembamba huzungumza lugha nyingine. Kinyesi ni kingi, mara mbili au tatu tu kwa siku, mbwa anakonda, na pengine anatapika. Rangi nayo iandike. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyotoka juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, na hicho hakisubiri kesho. Piga picha kwa simu, usione aibu kumwonyesha daktari. Na mpime uzito kila wiki kwa mzani ule ule: mbebe, panda naye, kisha toa uzito wako. Mbwa mwenye manyoya mengi anaweza kupoteza kilo mbili macho yasione.

Kinyesi kilipimwa tukaambiwa hakuna minyoo. Tuamini?

Amini nusu. Giardia, kijidudu cha chembe moja kinachokaa utumbo mwembamba, hakitoki kila siku. Sampuli moja inaweza kuwa safi leo na chafu kesho kutwa, hivyo tunataka sampuli tatu ndani ya siku tatu hadi tano, au kipimo cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za kijidudu chenyewe. Minyoo yenye umbo la mjeledi ina ujanja wake pia: tangu mbwa ameze yai hadi mnyoo uanze kutaga ni kama miezi mitatu, na kwa muda wote huo utumbo mpana unaumwa huku maabara haioni yai hata moja. Kwa hiyo mbwa anayeharisha kwa muda mrefu mimi humpa dawa ya minyoo ya fenbendazoli kwa siku tatu hadi tano hata kama majibu ni safi, dozi ikipimwa kwa uzito wake.

Ikiwa ni Giardia, mwogeshe kwa sabuni siku ya mwisho ya dawa, hasa sehemu za nyuma, na kinyesi kiondolewe uani mara tu kinapoanguka. Vifuko vya kijidudu hiki hunasa kwenye manyoya, mbwa akajiramba, akajiambukiza mwenyewe.

Nimebadilisha chakula mara tatu ndani ya mwezi mmoja bila tofauti yoyote. Basi chakula hakihusiki?

Hapana, bado hujakijaribu. Soma nyuma ya hiyo mifuko mitatu: aghalabu utakuta kuku na ng'ombe kwenye yote, hata ule ulioandikwa "samaki" kwa herufi kubwa. Jaribio la kweli lina njia mbili. Ama protini ambayo mbwa wako hajawahi kuila maishani mwake, ama chakula maalumu ambacho protini yake imekatwakatwa kiwandani vipande vidogo mno hivi kwamba kinga ya mwili haiitambui. Anza kwa kuchanganya na cha zamani kwa siku chache, kisha hicho peke yake. Tumbo likiwa la kupata nafuu, mara nyingi huonyesha ndani ya wiki mbili. Ngozi ndiyo hudai wiki nane, na watu wengi huchanganya hesabu hizi mbili wakakata tamaa. Cha kwanza kikishindwa, jaribu cha aina nyingine kabla ya kukimbilia dawa nzito. Karibu nusu ya mbwa wenye ugonjwa sugu wa utumbo, pengine zaidi, hupata nafuu kwa chakula peke yake. Kwa hiyo nasisitiza: hatua hii isirukwe wala isifanywe nusunusu.

Niliwahi kuwa na mbwa ambaye jaribio lilishindikana mara mbili, na mwenyewe aliapa hampi kitu kingine. Nikamwomba anionyeshe asubuhi yao ilivyo, tangu kuamka. Akafungua mkoba, akatoa kidonge nilichomwandikia mwenyewe, akakifunga ndani ya kipande cha jibini, mbwa akameza. Kila siku, kwa wiki sita. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimemuuliza kidonge anakipitishaje. Tulikihamishia ndani ya tonge la chakula kile kile cha majaribio, na siku ya tisa kinyesi kikashikana. Kwa hiyo hesabu kila kitu kinachopita mdomoni: mifupa, mabaki ya mezani, vidonge vya kupe vyenye ladha ya nyama, dawa ya meno, bakuli la paka.

Vipimo vya damu, mate au nywele vinavyouzwa kwamba vitakuambia mbwa ana mzio wa chakula gani, usitumie fedha zako huko. Haviaminiki kwa kazi hii. Na wali na nyama ya aina moja iliyochemshwa nyumbani inafaa kwa jaribio fupi tu. Ikiendelea miezi, mbwa atakosa kalsiamu na madini mengine.

German Shepherd wangu anakula kama hajawahi kushiba, lakini mbavu zinahesabika. Kinyesi ni lundo, cha rangi ya udongo mwepesi, kina mafuta. Anakula hata hicho kinyesi. Amelaaniwa?

Hajalaaniwa, ana njaa ya kweli. Maelezo yako yananielekeza kwenye kongosho lililoacha kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na German Shepherd ndio huongoza kwa ugonjwa huu. Anakula, chakula kinapita. Mwombe daktari kipimo cha damu cha TLI, kinachoonyesha kama kongosho bado linatoa vimeng'enya, mbwa akiwa amefunga usiku kucha. Kikionyesha ndivyo, tiba ni unga wa vimeng'enya unaochanganywa na kila mlo, maisha yake yote. Vitamini B12 nayo ipimwe, kwa kuwa mara nyingi huwa chini. Ikiwa chini huchomwa sindano kila wiki kwa wiki sita, au hupewa vidonge kila siku, kwani bila hiyo hata vimeng'enya havitamnenepesha. Unga ukimchubua mdomo, uloweshe vizuri kwenye chakula. Wengi hubadilika ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo utaona mbwa anaacha bakuli likiwa na chakula kwa mara ya kwanza.

Naweza kumpa dawa ya binadamu ya kuzuia kuharisha, loperamidi?

Usimpe bila daktari. Collie na jamaa zake wengi wana hitilafu ya jeni ya MDR1 inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Na ibuprofeni au parasetamoli kwa ajili ya maumivu ya tumbo, kamwe.

Daktari anataka kuingiza kamera tumboni na kukata vipande vya utumbo. Tunaogopa nusukaputi. Kwa nini asianze tu steroidi?

Hofu yenu naielewa, na ni haki yenu kumuuliza. Sababu yake ni kwamba saratani ya limfoma na uvimbe wa utumbo unaoletwa na kinga ya mwili hufanana sana kwa dalili, na steroidi, dawa za kutuliza kinga hiyo, hupunguza zote mbili kwa muda. Ukianza nayo, unaweza kuificha limfoma na kuifanya ngumu kutambua na kutibu. Kabla ya yote hayo mwombe apime kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo karibu na figo. Tezi hizo zikishindwa kazi, mbwa huharisha na kutapika kwa kuja na kuondoka, mkahangaikia utumbo usio na kosa. Kipimo hicho lazima kitangulie, maana prednisoloni, steroidi inayotumiwa mara nyingi, hukivuruga.

Mnaloweza kujadiliana kwa uwazi ni hili: ikiwa albumini ni nzuri, mbwa anakula, ultrasaundi haina la kutisha na vyakula viwili vimejaribiwa kwa uaminifu, kuna madaktari wanaokubali kuanza steroidi bila kamera kwa familia isiyoweza. Albumini ikiwa chini sana, mimi sisubiri. Mbwa huyo anapoteza protini kupitia utumbo, anaweza kujaa maji tumboni au damu ikaganda ndani ya mishipa. Anahitaji uchunguzi wa haraka na mara nyingi chakula chenye mafuta machache mno.

Mbwa wetu ana wiki moja kwenye prednisoloni. Kinyesi kimeshikana, ila anakunywa maji kupita kiasi na anakojoa ndani. Tuache?

Msiache ghafla. Mwili wake umepunguza kutengeneza kotisoli yake, na kukatiza kunaweza kumwangusha. Kiu, mkojo na njaa ni vya dawa, na vitashuka dozi ikishuka. Msimnyime maji. Mtoeni nje kabla ya kulala na mara moja tena usiku. Dawa za maumivu kama meloksikamu zisichanganywe nayo, kwani tumbo linaweza kutoboka. Daktari ataipunguza hatua kwa hatua, kwa kawaida kila wiki mbili au tatu, hadi dozi ndogo inayomtosha. Kila siku ya kupunguza iandikeni daftarini kwa kalamu ya rangi nyingine, ili kinyesi kikilegea siku ya tano ajue arudi hatua ipi.