Mgahawa wa Kithai wa mtaani: watu wanne waagize nini

Mkuu, umeuliza watu wanne waagize nini kwenye mgahawa wa Kithai, ikiwa mmoja hawezi pilipili, mmoja hali nguruwe na mmoja kamba humdhuru. La kwanza, kila mtu asijiagizie sahani yake. Chakula cha Kithai hupangwa kwa ajili ya meza nzima, na wali mweupe ndio msingi. Chukueni wali wa watu wanne, kisha vitoweo vinne visivyofanana: kimoja cha tui, kimoja cha kukaangwa karaini kwa moto mkali, kimoja chenye uchachu wa ndimu, na supu. Mezani mara nyingi naona mchuzi wa kijani, mchuzi mwekundu na supu ya tom kha kwa pamoja. Vyote vitatu ni tui, na kabla ya nusu ya mlo watu wamekinai.

Kuhusu pilipili, "punguza" haifai kwa kila kitu. Mchuzi wa kijani haupunguziki, kwa sababu pilipili imeshatwangwa pamoja na mchaichai, khulinjani (mzizi unaofanana na tangawizi) na vitunguu saumu, na migahawa mingi huwa na rojo hilo tayari. Asiyeweza ukali aagize mchuzi wa massaman. Una iliki, mdalasini, karafuu, viazi na karanga, na mtu wa pwani hatauona mgeni. Som tam (saladi ya papai bichi) na vya karaini huandaliwa ukishaagiza, kwa hiyo taja idadi: pilipili moja, au isiwepo kabisa. Ukiungua, maji hayasaidii, maana kinachowasha hakiyeyuki majini. Kula wali, au kunywa chai yao ya barafu yenye maziwa.

Mkiona mafuta yanaelea juu ya mchuzi, msiurudishe mkidhani tui limekatika kwa uzembe. Mpishi wa Kithai hulikaanga tui zito makusudi mpaka litoe mafuta, kisha hukaangia rojo humo. Harufu yote hutokea hapo.

Kwenye kamba msifanye mzaha. Kuuliza "kuna kamba?" hakutoshi, kwa sababu mhudumu atatazama vipande tu. Ulizeni kuhusu kapi, yaani kamba waliosagwa na kuchachushwa kwa chumvi, ambao huwa ndani ya rojo la michuzi mingi hata ile ya kuku. Som tam ya kawaida ina kamba wakavu, na rojo la pilipili linalotiwa kwenye tom yum, supu ya uchachu na pilipili, mara nyingi linao pia. Mwenzenu ale kuku wa tangawizi, karai lioshwe kwanza, na kama chaza nao humdhuru sosi yake iachwe. Jikoni wasipoweza kujibu kwa uhakika, asile hapo. Asiyekula nguruwe naye aulize karai, si nyama peke yake, kwani pad krapow (nyama iliyokaangwa na krapow, aina ya mrehani) ya nguruwe na ya kuku hupita karai lilelile.

Hiyo pad krapow ndiyo ninayoipimia jiko. Iwe nyama ya kusaga, vitunguu saumu, pilipili na majani mengi ya krapow, juu yake yai la kukaanga lenye kingo zilizokauka. Ikijaa karoti na pilipili hoho, wamejaziliza tu. Pad thai, yaani tambi za mchele za kukaangwa, iwe ya rangi ya kahawia, kwa ukwaju na sukari ya mnazi. Ikiwa nyekundu kama tomato sosi, ukwaju umebaniwa. Tambi zikishikana donge, ama zililowekwa mno, ama karai lilijazwa kupita kiasi likapoa, zikachemka badala ya kukaangika.

Wali huliwa kwa kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto ukisukumia. Vijiti ni vya tambi za supu. Wali wa kunata huliwa kwa mkono. Finya tonge dogo, chovya. Mchaichai, vipande vya khulinjani na majani ya ndimu kwenye tom yum ni vya kutia harufu, viacheni bakulini. Vikopo vya sukari, siki yenye pilipili, sosi ya samaki na pilipili ya unga ni vya kurekebishia tambi, ila onja kwanza, maana sosi ya samaki ina chumvi kali.

Kinachobaki, fungasheni michuzi, kesho itapashika vizuri. Pad thai imalizeni hapohapo.