Fundi hajapanda juu, bei kaitoa wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Pasua, Moshi. Upepo wa Jumanne iliyopita umetuezua upande mmoja wa nyumba, mabati 9 yakatua kwenye migomba ya jirani. Kesho yake akaja kijana na pikipiki, akasimama getini, akatazama juu, akasema laki tisa kazi na vifaa, nimpe laki sita leoleo maana bati linapanda bei. Watoto wanalala sebuleni, vyumba viwili tumevifunika turubai. Nimpe?
Mama wa watatu, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usimpe. Sisemi ni tapeli, ila hajapanda juu. Nimepaua nyumba miaka 31, kuanzia Kiboriloni hadi Himo, na sijawahi kuijua bei ya paa nikiwa getini.

Kabla hujaita fundi mwingine, nenda kwa jirani ukayatazame matundu ya misumari kwenye yale mabati. Tundu likiwa limechanika na msumari umebaki kwenye papi (ule ubao unaopigiliwa bati), bati lilikuwa jembamba au misumari ilikuwa haba. Msumari ukiwa umetoka pamoja na bati, kuna shaka na mbao: fundi aibonyeze kwa bisibisi, ikizama, imeoza au imeliwa. Na kama papi zenyewe zimeng'oka, basi hazikushikwa vizuri kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na ukipigilia bati jipya juu ya kasoro hiyo, masika yajayo utaliokota kwenye migomba ileile. Kwa hiyo kila fundi atakayekuja muulize: "Kwa nini liliezuliwa?" Akikujibu "upepo" basi, mshukuru aende zake.

Atakayekujibu vizuri, akupeleke kwenye nyumba aliyoipaua ikapita masika mawili, si ya mwezi jana. Zungumza na mwenye nyumba, fundi akiwa pembeni.

Vifaa nunua mwenyewe, ukiongozana naye dukani. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Nyumba ya dada yangu niliamini risiti iliyoandikwa 28. Tulikuwa tumeshapigilia nusu ya paa ndipo nikashika ukingo wa bati, likakunjika kwa vidole viwili. Duka lilikataa kuyapokea. Mpaka leo upepo ukivuma usiku nampigia simu dada.

Fedha ya ufundi itoke kwa awamu: kidogo akianza, nyingine ukishaziona kenchi na papi kabla hazijafunikwa, ya mwisho akimaliza. Andikishianeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Akijitambulisha kama kampuni, dai cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kisha uliza Bodi wenyewe kama wanamtambua.

Na hilo turubai, mwanangu, kama limewekewa mawe, yaondoeni leo kabla ya giza. Pitisheni kamba chini ya kenchi isiyoharibika, mfunge. Jiwe likisukumwa na upepo linaangukia ndani.