Maswali ya Wasomaji: "Kelele za Mwaloni zinanimalizia nguvu za kuchora"

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa miaka 26, karani wa mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na ninaishi kwa shangazi yangu Nyakato. Kutwa nzima ninahesabu magunia huku wachuuzi wakibishania bei, makuli wakipiga kelele wapishwe na redio tatu zikiimba kwa pamoja. Yote huyasikia, na hata sauti ya mtu aliyekasirika upande wa pili wa soko hunikaa moyoni hadi usiku. Nikifika nyumbani hujifungia chumbani. Shangazi anasema ninaringa, na wenzangu wa kikoba wameacha kunialika. Tangu utotoni ninapenda kuchora kwa penseli, lakini huu ni mwezi wa nne sijafungua daftari, na ninajiuliza michoro isiyoonwa na mtu ina faida gani. Je, huu ni ugonjwa? Niache kazi nikapange chumba changu mahali penye utulivu?
Mkimya wa Nyakato

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si ugonjwa. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alitoa kitabu kuhusu watu wenye wepesi mkubwa wa kuhisi, akikadiria kwamba wako 15 hadi 20 katika kila watu 100, na akaeleza kuwa hiyo ni tabia ya kuzaliwa nayo: akili ya mtu wa namna hiyo huchambua kwa kina kila kinachoingia, na kwa hiyo hujaa mapema kuliko ya mwenzake aliyeshinda soko lile lile kwa saa zile zile. Ukimya ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huandamana nalo, maana Aron anasema kuwa kiasi cha 30 katika kila 100 wa watu hao ni wachangamfu. Wewe unayo yote mawili. Lakini ikiwa usingizi, hamu ya chakula na furaha vimekutoka kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, huo si ukimya tena, na itakubidi umwone daktari.

Kuacha kazi sikushauri, wala sizungumzii mshahara tu. Katika mistari michache ya barua yako umenionyesha redio tatu na mtu aliyekasirika upande wa pili wa soko; karani mwingine asingezihesabu redio hizo. Hayo ndiyo ya kuchora. Chumba cha peke yako kina raha yake, nami niliwahi kukihamia nikiwa na umri kama wako, lakini baada ya mwezi mmoja sikuwa na la kuandika isipokuwa upweke wangu.

Ninavyoona, unachoshwa zaidi na kutoka katika kelele moja na kuingia katika nyingine bila kupumua katikati. Hesabu ikishafungwa, usikimbilie daladala. Tafuta jiwe ufukweni, kwa kuwa Mwanza haikutunyima mawe, ukae dakika 20 ukitazama maji, simu ikiwa mkobani. Huhitaji kulipa boti na kiingilio cha Kisiwa cha Saanane ili upate utulivu huo.

Kuhusu shangazi nitakukemea kidogo. Kupita sebuleni na kujifungia mlango ni jambo ambalo mzazi yeyote wa kwetu angelichukulia kuwa kiburi, kwa sababu hujampa maelezo mengine. Mwamkie, uketi naye mchambue mchele au mboga kwa nusu saa, kwani kazi ya mikono haidai maneno mengi, kisha umwambie waziwazi kwamba kichwa bado kinavuma kelele za sokoni na unaomba saa moja ya kupumzika kabla ya chakula. Saa ikiisha, utoke kweli. Ukifanya hivyo kwa siku kadhaa, nadhani yeye mwenyewe atawaeleza wageni kwa niaba yako. Kwenye kikoba omba kazi ya kuandika daftari la hisa, maana anayeandika hesabu huachwa anyamaze.

Sasa kuchora. Unajua kuliko mimi kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mbele ya mwanga wa mwezi, na mzigo sokoni hupungua. Basi kalenda unayo tayari: mchoro mkubwa uutengee siku hizo. Siku za giza, magunia yanapofurika, usijidai mchoro kamili. Mistari mitano nyuma ya karatasi ya hesabu, bega la kuli au ukingo wa ungo, inatosha kuuweka mkono katika mazoea.

Na kuhusu michoro isiyoonwa, mkumbuke jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ndefu ya Kikerewe mwaka 1945, ikapita zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa, tena kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe. Sikuambii ungoje kiasi hicho. Chagua mtu mmoja unayemwamini, umwonyeshe mchoro mmoja kila mwezi, na usimwombe radhi kabla hajautazama.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 anaimba vizuri nyumbani, lakini hulia kila anapotakiwa kuimba mbele ya kanisa. Nimlazimishe ili azoee?
Baba wa Sengerema

JIBU: Usimlazimishe, wala usimtoe kwaya. Mwombe kiongozi wa kwaya amsimamishe mstari wa nyuma kando ya rafiki yake, na Jumamosi, kanisa likiwa tupu, mpeleke aimbe humo wewe na mama yake mkimsikiliza. Wageni wakija nyumbani, usimwite sebuleni awaimbie.